Maiti Mezani: The Autopsy of Jane Doe Inavyotisha na Inapopwaya

Mwanamke amelazwa chali juu ya meza ya chuma. Hana nguo, hana jeraha, hana jina. Macho yamefunikwa na ukungu wa kijivu, ukungu ambao kwa kawaida huonekana kwa mtu aliyekufa siku kadhaa zilizopita. Lakini viungo ni laini, havijakakamaa, na ngozi haijabadilika rangi. Tommy Tilden, mzee aliyezeeka kwenye kazi ya kupasua maiti, anamshika mkono na kuuzungusha. Mfupa wa kifundo umesagika. Kwa nje hakuna hata mchubuko.

Mpaka hapo hakuna aliyepiga kelele wala mlango uliojifunga wenyewe. Ila mwili wangu ulishasisimka, kwa sababu niliona mjuzi amekutana na kitu ambacho ujuzi wake hauna pa kukiweka. Nguvu ya The Autopsy of Jane Doe inatoka hapo, na kila inapoliacha jambo hilo, filamu inalegea. Nitaeleza mambo mengi ya ndani, mwisho ukiwemo, kwa hiyo ambaye hajaitazama aanze nayo kwanza.

Filamu hii ya mwaka 2016 iliongozwa na André Øvredal, Mnorwei aliyejulikana kwa Trollhunter ya 2010, na kuandikwa na Ian Goldberg na Richard Naing. Ina dakika 86 tu, na karibu zote zinapita usiku mmoja, chini ya nyumba ya familia moja huko Virginia, Marekani. Tommy, anayeigizwa na Brian Cox, anaendesha mochwari pamoja na mwanawe Austin, anayeigizwa na Emile Hirsch. Sherifu anawaletea mwili uliokutwa umefukiwa nusu katika nyumba yenye watu waliouawa, na anataka sababu ya kifo kabla hakujapambazuka. Jane Doe ndilo jina ambalo Wamarekani humpa mwanamke asiyetambulika.

Waandishi hawakubuni mpangilio mpya wa hadithi. Wameuazima kutoka kwenye kazi yenyewe. Upasuaji una hatua nne: kukagua nje, kisha moyo na mapafu, kisha viungo vya chakula, mwisho ubongo. Mtazamaji anaambiwa hivyo mapema, na kuanzia hapo anajua kuna hatua ngapi zimebaki. Hofu inapimwa kwa kisu. Kila hatua inatoa jibu, na jibu hilo linavunja lile lililotangulia. Ulimi umekatwa, jino moja halipo, kuna udongo wa kinamasi chini ya kucha. Sawa, huenda ni mtu aliyesafirishwa kwa magendo akateswa. Kifua kinafunguliwa: mapafu ni meusi, kana kwamba ameungua, ilhali ngozi haina hata lengelenge. Tumboni linatoka ua la datura, mmea wa sumu ambao Waswahili huuita mnanaha. Baba na mwana wanaendelea kukata kwa sababu ndivyo kazi inavyotaka, nasi tunawafuata kwa sababu hiyo hiyo.

Ndiyo maana damu ya filamu hii haichoshi. Katika filamu nyingi za kutisha damu ni pambo, inamwagwa ili tufunike macho. Hapa damu ni ushahidi. Kisu kinapopita kifuani, damu inatiririka kama ya mtu aliyekufa dakika chache zilizopita, na Tommy anashtuka kabla yetu, maana yeye anajua maiti wa aina hiyo hapaswi kutoka damu namna ile. Kamera ya Roman Osin haikimbii wala haing'ang'anii. Inakaa kwenye urefu wa macho ya mtu aliyesimama kando ya meza, inatazama chale, kisha inatazama uso wa anayekata. Na sauti! Mkasi mkubwa wa kukatia mbavu unapobana, mlio wake unafanya kazi kuliko picha yenyewe. Niliwahi kuirudia sehemu hiyo nikiwa nimefumba macho, na tumbo lilinikaza vilevile.

Halafu kuna Olwen Kelly. Watu husifu waigizaji kwa machozi na makelele, lakini sijui wangapi wangeweza alichofanya huyu: kulala uchi bila kupepesa jicho, kifua kikiwa kimetulia, shoti baada ya shoti. Mwenyewe ameeleza kwamba mazoezi ya yoga yalimsaidia kuidhibiti pumzi. Sehemu za ndani ni za bandia, ila uso ni wake, na uso huo haubadiliki. Anayeubadilisha ni mhariri. Akiuweka baada ya mfupa kuvunjika, unaonekana una maumivu. Akiuweka baada ya Tommy kuogopa, unaonekana unaridhika. Hii ni mbinu kongwe kabisa ya uhariri, na sijaona filamu ya kutisha ya miaka hii iliyoitumia kwa ufanisi zaidi.

Jambo jingine lililotengenezwa kwa akili ni kengele. Mwanzoni mpenzi wa Austin anaomba kuonyeshwa maiti, na Tommy anamwonyesha kengele ndogo iliyofungwa mguuni: zamani, anasema, ilisaidia kumtambua aliyezimia akadhaniwa amekufa. Tunacheka naye kidogo. Baadaye dhoruba imewafungia ndani, umeme umekatika, wao wamejificha, na kwenye korido inasikika kling, kimya, kling tena, karibu zaidi. Hatuonyeshwi chochote. Hatuhitaji.

Kisha filamu inaacha kutuamini. Maiti wengine wanatembea ndani ya moshi, muziki unaruka ghafla kutushtua, milango inagoma, lifti inakwama. Hayo nimeyaona mara mia, na hakuna hata moja linalohitaji mochwari ili litokee. Hata kifo cha mpenzi wa Austin, aliyepigwa shoka na Tommy akimdhania mzuka, kinapita upesi mno. Nilikiona kinakuja, na filamu haikumpa mzee muda wa kubeba alichofanya. Huzuni ya Tommy kwa mkewe aliyejiua nayo inaelezwa kwa maneno, wameketi, kama vile mwandishi alikumbuka dakika ya mwisho kwamba wahusika wanatakiwa kuwa na jeraha.

Udhaifu unaoniuma hasa, hata hivyo, uko kwenye maelezo. Kitambaa kilichotoka tumboni kinakunjwa, maandishi yanaungana, na tunapata Mambo ya Walawi 20:27 pamoja na mwaka 1693. Tommy anaunganisha mambo yote kwa dakika chache: huyu ni mwanamke aliyeteswa enzi za kesi za Salem, hakuwa na hatia, na mateso yale ndiyo yaliyomgeuza kuwa kile walichomtuhumu. Wazo ni zito kuliko filamu nzima. Lakini hatukulipata kwa kisu, tulihadithiwa. Saa nzima tulifundishwa kuuamini mwili, halafu mwishoni tukapewa hotuba.

Na ukilichunguza wazo lenyewe, lina pengo. Huko Salem, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa, wanawake 14 na wanaume 5, na mzee Giles Corey alikandamizwa kwa mawe hadi akafa. Hakuna aliyechomwa moto. Hawakuwa wachawi, walikuwa majirani za watu. Filamu inataka kuwaonea huruma na papo hapo inataka kutuogopesha kwa mmoja wao. Inasema hana hatia, kisha inatuonyesha akiua familia moja baada ya nyingine, wakiwemo watu ambao hawakumtendea lolote. Mimi natoka nchi ambayo vikongwe wa Kanda ya Ziwa wameuawa wakidhaniwa wachawi kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu, na wekundu huo umetokana na moshi wa kuni. Kwa hiyo nikiona mwanamke aliyesingiziwa uchawi akigeuzwa mchawi wa kweli, hata kwa jina la kisasi, siwezi kulipitisha kama kionjo cha hadithi tu. Øvredal alikuwa na nafasi ya kukaa juu ya swali hilo: nani alimtengeneza? Tommy anakaribia kulijibu anapojitoa aumie badala ya mwanawe, na mifupa yake inaanza kuvunjika huku ya maiti ikiunga. Hapo mwili unarudi kusema, na sekunde hizo ni kati ya zilizo bora kabisa. Kisha tunaondolewa haraka.

Asubuhi polisi wanakuta anga jeupe. Ile dhoruba iliyowafungia ndani haikuwahi kunyesha. Mwili unapakiwa garini bila doa, mishono yote imetoweka. Redio inapiga wimbo uleule wa usiku. Kamera inashuka polepole hadi kwenye mguu, kidole gumba kinacheza kidogo, na kengele inalia mara moja.