Sifa za Mpasua Mbao

Katika Minecraft, mchezo wa kompyuta uliotolewa rasmi Novemba 2011, karibu kila kitu huanza na mti. Mchezaji anaupiga mwaloni ngumi, gogo linadondoka, na gogo hilo moja linampa mbao 4 papo hapo, zimenyooka, hazina hata fundo. Mwaloni wenyewe hauoti kwetu Walikale, mashariki mwa Kongo. Wengi wetu tunaujua kwa habari za Ibrahimu na mialoni ya Mamre. Kwetu mti wenye hadhi ni mvule, na katika misitu ya Itebero wanaoujua kwa undani ni wapasua mbao.

Mchezo umewaruka watu hawa, nami nawasifu. Gogo likishapandishwa jukwaani, wanavuta uzi uliopakwa masizi toka ncha hadi ncha, wanauinua kwa vidole, wanauachia: pa! Mstari mweusi umelala. Mmoja anasimama juu akilinda mstari, mwenzake yuko chini, anavuta msumeno, na vumbi la mbao linamwagikia usoni. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kukereketa kifua. Mti ukitaka kuubana msumeno, kabari inapigwa kwenye mpasuko, kazi inaendelea.

Mvule una hila yake: ndani ya mti huweza kujengeka mawe ya chokaa, ambayo huyaoni kwa nje. Meno yakikutana na jiwe yanabutuka. Mpasuaji mzoefu hulitambua kwa sikio. Mlio ukibadilika anasimamisha kazi, tupa inatolewa, meno yananolewa moja baada ya jingine. Ujuzi wa namna hii upo hata kwa mwaloni. Mafundi wa mapipa Ufaransa huupasua kwa kufuata nyuzi zake, kwani nyuzi zikikatwa ovyo, divai huvuja.

Siku hizi kuna msumeno wa mashine. Una kasi, ila mnyororo wake hula mti mwingi zaidi, na bado unahitaji jicho la kufuata mstari. Mbao ikifika Bukavu au Goma, rangi yake ya manjano imeshaanza kuwa kahawia, na sifa zote anapewa seremala. Mimi ningemwomba mnunuzi apitishe kiganja ukingoni kabla ya randa kuugusa, aone unene ulivyo sawa mwanzo hadi mwisho. Huo ni mkono wa watu wawili waliokuwa msituni.