Pamba Ndani ya Mshono: Fani na Maudhui katika Mfarishi

Sisi walimu wa fasihi tumezoea kuzitenga fani na maudhui, kana kwamba moja ni chungu na nyingine ni mchuzi. Iko sanaa ya ushonaji inayoukanusha mtengano huo: mfarishi wa kujazwa.

Mshonaji hutandika kitambaa juu ya bitana, akashona umbo alitakalo kupitia nguo zote mbili. Kisha, kwa upande wa bitana, hupenyeza ugwe kati ya mistari miwili sambamba, kikainuka kituta chembamba. Au huzitanua nyuzi za bitana na kushindilia pamba mpaka umbo litune. Rangi nyingi hazihitajiki. Mwanga na kivuli hutosha.

Mfano mashuhuri ni mfarishi wa kisa cha Tristan, ulioshonwa Sicilia, Italia, baina ya mwaka 1360 na 1400 hivi. Sehemu yake moja imo katika Makumbusho ya Victoria na Albert, London. Nyingine imo Florence. Wapanda farasi na majahazi wametuna juu ya kitani, wakisimulia jinsi watu wa Cornwall walivyodaiwa kodi na jinsi Tristan alivyopigana kuwaondolea mzigo huo. Maelezo yameshonwa kwa Kisicilia, lugha ya wenyeji, wala si Kilatini. Nyuso hazitofautiani sana, hivyo maandishi hayo ni ya lazima; lakini nguvu ya kazi imo katika mtuno wenyewe. Itoe pamba, kisa kitabaki michirizi. Ufumue mshono, pamba itabaki bonge.

Hapa Port Bell jambo hili latugusa. Kabla ya reli kufika Kampala mwaka 1931, marobota ya pamba ya Uganda yalivushwa ziwa kutoka bandari hii hadi Kisumu. Tulizoea kuipima pamba kwa ratili, si kwa yale iwezayo kusema mikononi mwa msanii. Siku hizi viwanda huchapa vitambaa vyenye vivuli vya kuiga mtuno: jicho hudanganyika, kiganja hakikuti kitu.

Mwanafunzi anayekariri dhamira bila kuligusa shairi lenyewe ameshika kitambaa cha namna hiyo. Basi, walimu wenzangu, kabla ya kuuliza darasani fani ni nini, tuwape wanafunzi vipande viwili vya nguo, sindano, na pamba kidogo. Jibu watalipapasa wenyewe.