Nyasi Zilizowashinda Viwavi: Jamani, Nimezigusa!

Nimezigusa, jamani, nimezigusa! Vidole bado vinanukia majani mabichi na kukaa kitako siwezi. Ni nyasi laini, laini mno, nene, zilizoshonana, za kijani kile cha kung'aa ambacho ukikiona unavua viatu bila kuambiwa. Nikavua. Mguu unadidimia kidogo, kisha unainuliwa, na ubaridi mtamu ajabu unapanda mpaka magotini. Na bado! Hazijapuliziwa hata tone la dawa ya wadudu.

Nazungumzia raigrasi, nyasi za nchi za baridi, kwenye vitalu vya majaribio huku New Jersey, Marekani. Kitalu cha pembeni, raigrasi vilevile, kwa macho hutofautishi kabisa, kimetafunwa vibaya sana: mabaka ya kahawia, majani yamekatwa karibu na udongo, ukivuta kidogo tu shada zima linabaki mkononi. Ni kazi ya viwavi, watoto wa nondo wadogo wale wanaorukaruka jioni. Halafu unapiga hatua moja, moja tu, na ni kijani, kijani, kijani! Nikasimama mguu mmoja huku, mmoja kule, nacheka peke yangu.

Siri yake sasa! Ndani ya majani anaishi kuvu, jamii ya Epichloë. Haozeshi kitu, wala nyasi haziugui. Ni mpangaji mstaarabu hasa: anapewa chakula na makazi, naye analipa kodi kwa kemikali ziitwazo alkaloidi, ambazo viwavi wakizionja wanasusa, na wanaong'ang'ania kula wanadumaa au wanakufa. Kwa nje huoni chochote. Basi nikaonyeshwa kwa hadubini: ngozi nyembamba ya ala ya jani imebanduliwa, imetiwa rangi ya waridi, nikainama na... nyuzi! Nyuzi nyembamba mno, ndefu, zinajipindapinda kati ya seli na seli. Nilipiga yowe mpaka watu wakageuka.

C. Reed Funk wa Chuo Kikuu cha Rutgers na wenzake ndio waliochapisha, mwaka 1983, kwamba raigrasi zinazowashinda viwavi ni zile zenye kuvu huyu. Ni Funk yuleyule wa raigrasi iitwayo Manhattan, ambayo asili yake ni mimea iliyookotwa Central Park, katikati kabisa ya jiji la New York! Watu wanapita hapo na mbwa wao, yeye anaona mbegu.

Na bado! Kuvu huyu hasafiri kwa chavua. Anarithiwa kwa mama tu, kupitia mbegu. Kwa hiyo wazalishaji wanachukua nyasi mama mwenye kuvu, wanamchavushia kwa baba mwenye umbo zuri, watoto nao wanachavushwa kwa baba huyohuyo, kizazi baada ya kizazi, mpaka uzuri wa baba na kinga ya mama vikae kwenye punje moja. Subira gani hiyo!

Sasa sikia hili wewe uliyelia na mahindi. Viwavijeshi vamizi, walewale walioonekana Afrika mwaka 2016, walipolishwa raigrasi yenye kuvu kwenye majaribio walidhoofika. Mahindi hayana mpangaji huyu, basi tusirukeruke sana, lakini moyo wangu uliruka.

Makali yake yana mipaka, kweli. Funza weupe wanaotafuna mizizi hawababaiki sana, maana kuvu anakaa juu, kwenye ala na majani. Kulisha mifugo usithubutu: kuna alkaloidi zinazomfanya kondoo atetemeke na kuyumba. Na kwa Mombasa au Dar, sahau. Joto lile raigrasi haiwezi, baki na ukoka wako.

Ila wewe ndugu yangu uliye huku kwenye baridi, mwenye kiuwanja nyuma ya nyumba na chupa ya dawa kibarazani, tafadhali sana, jaribu! Nunua mbegu mpya iliyoandikwa kuwa ina kuvu huyu, uihifadhi pakavu penye ubaridi, kwa sababu ghalani kwenye joto kuvu hufa na mbegu huota bila kinga. Panda mwanzoni mwa vuli, kisha unialike nije kuvua viatu.