Sauti ya Oberheim kwenye Bedsita ya Ruiru

Mwaka 1979 Tom Oberheim, huko California, alitoa kinanda cha umeme kiitwacho OB-X: cha sauti nne, sita au nane, kulingana na unene wa mfuko wako. Leo prodyuza wa Ruiru, Kenya, mwenye bedsita, laptopu ya mitumba na hedifoni anaipata ladha ile kupitia OB-Xd, programu inayopakuliwa bila malipo.

Hongera zimwendee Vadim Filatov aliyeianzisha. Kuiga sauti nzuri ni kazi. Kuiga kasoro ni ufundi hasa. Saketi za analogi hazilingani kamwe: sauti moja hupanda kidogo, nyingine kichujio chake huchelewa kufunguka. Filatov aliziiga tofauti hizo makusudi, tena akaweka vidhibiti vya kuzizidisha. Ndiyo maana noti kadhaa zikibonyezwa pamoja hazitoki zimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Zinatetema, zina joto. Muziki wa injili wa Kikuyu, kwa maoni yangu, ndio unaolihitaji joto hilo zaidi. Vinanda vyake vimezoea mlio mkavu mno.

Na stima ikipotea, laptopu huendelea kwa betri. OB-X yenyewe ingenyamaza papo hapo.