Kulaza Mhimili: Stendi ya Ikweta Inapofungwa Dar es Salaam

Kitabu cha maelezo kinachokuja ndani ya boksi la stendi ya ikweta ya darubini kimeandikwa kwa ajili ya mtu wa Ulaya au Marekani. Kinamwambia aitafute Polaris, nyota ya kaskazini, auelekeze mhimili kwake, awashe mota, basi. Dar es Salaam iko digrii 6.8 kusini mwa ikweta, na huku Polaris haichomozi kabisa, usiku wowote wa mwaka. Ncha tunayoihitaji sisi ni ile ya kusini. Nayo imeinuka juu ya upeo wa macho kwa digrii hizo hizo 6.8 tu, ndani ya unyevu wa bahari, vumbi na mwanga wa taa za mji. Nyota iliyo jirani nayo, Sigma Octantis, ni hafifu mno. Hata penye giza zuri macho huipata kwa shida. Kwa hiyo ukurasa ule wa kitabu unaweza kuuruka bila wasiwasi. Stendi hufungwa vizuri kabisa bila kuiona ncha, na nadhani kila anayeanza huku kwetu angeelezwa hivyo siku ile ile anayonunua.

Kazi ya stendi hii ni moja. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, na nyota huonekana zikihama kuelekea magharibi kwa mwendo huo. Ukiwa na mhimili ulio sambamba na mhimili wa Dunia, mota moja inayouzungusha taratibu kinyume na Dunia inatosha kuishika nyota katikati ya lenzi. Umbo lenyewe, yaani mihimili miwili iliyopandana, darubini upande mmoja na jiwe la mizani upande wa pili, ni la Joseph von Fraunhofer wa Ujerumani. Darubini yake kubwa yenye lenzi ya sentimita 24 ilifungwa mwaka 1824 huko Dorpat, mji ambao leo ni Tartu wa Estonia, na iliendeshwa na mtambo wa saa. Stendi ndogo ya mwanafunzi wa leo ina umbo lile lile. Mtambo wa saa ndio uliotoa nafasi kwa mota ya betri.

Ugumu wa kwanza wa kwetu ni kuulaza mhimili. Tartu ulisimama kwa digrii 58. Dar es Salaam unatakiwa ulale karibu sawa na meza, digrii 6.8, Nairobi ni digrii 1.3 tu. Stendi nyingi za bei nafuu hazikubuniwa kulala kiasi hicho. Skrubu ya kuinua na kushusha hugota kwenye mwili wa stendi kabla ya kufika, na namba zilizochapwa ubavuni huishia mahali ambapo sisi ndipo tunapoanza. Kabla ya kulipa pesa, uliza stendi inashuka hadi digrii ngapi. Ikiwa inagota kwenye 15, dawa ipo: refusha mguu wa kaskazini ili kichwa kizima kiinamie kusini. Kwa miguu ambayo umbali kutoka mguu wa kaskazini hadi mstari wa miguu miwili ya kusini ni sentimita 80, kuinua mguu huo kwa sentimita 11 hushusha mhimili kwa digrii 8. Si suluhisho ninalolipenda, kwa sababu stendi inapoinama hupoteza uimara, lakini linafanya kazi.

Namba za ubavuni zenyewe zisiaminiwe sana. Sawazisha kichwa cha stendi kwa pimamaji, elekeza bomba la darubini sambamba na mhimili, kisha laza juu yake kipimo cha pembe cha fundi au simu yenye programu ya kupimia mwinamo. Ikisoma 7, funga skrubu uendelee.

Mhimili ukilala hivyo, jiwe la mizani nalo hupata tabia mpya. Kule Ulaya fimbo yake huzunguka mbali na miguu. Huku, darubini inapotazama chini upande wa mashariki au magharibi, fimbo huning'inia wima upande wa kusini, na kama mguu mmoja umeelekezwa kusini, kama kitabu kinavyoagiza kwa upande wa ncha, jiwe litaugonga. Geuza miguu: mmoja uwe kaskazini, na jiwe lipite katikati ya ile miwili ya kusini. Halafu tumia jiwe moja zito lililosogezwa karibu na mhimili badala ya mepesi mawili mwishoni mwa fimbo. Mzunguko unakuwa mfupi, na upepo wa kusi ukivuma mtikisiko hutulia upesi zaidi.

Inabaki kuijua kusini halisi. Dira ndiyo njia ya wengi, na ndiyo ninayoitilia shaka zaidi. Dira hufuata sumaku ya Dunia, ambayo hailingani na kusini ya kijiografia, tena juu ya paa la zege sindano husumbuliwa na nondo zilizo chini ya miguu, na stendi yenyewe ina chuma. Jua ni shahidi bora. Ning'iniza timazi mchana, subiri Jua lifike juu kabisa, kisha chora mstari kwenye kivuli cha uzi. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya 45 mashariki, na Dar es Salaam iko kwenye 39.3, hivyo kwa wastani Jua hufika kileleni saa 6:23 mchana. Saa halisi hubadilika: mwanzoni mwa Novemba ni karibu saa 6:07, katikati ya Februari karibu saa 6:37. Kigoma husubiri hadi kama saa 7:01. Waislamu wa pwani wanaielewa mantiki hii vizuri, maana mwishoni mwa Mei na katikati ya Julai Jua hupita juu ya Kaaba na kivuli cha wakati huo huonyesha mstari wa kibla.

Mwezi Juni ndio mzuri kwa kazi hii. Kivuli cha adhuhuri Dar es Salaam huelekea kusini na urefu wake hupita kidogo nusu ya kimo cha uzi. Ukikosea dakika moja, mstari hupotoka kwa takriban nusu digrii. Mwanzoni mwa Machi na karibu na 10 Oktoba Jua liko utosini na kivuli hakisaidii. Hapo simamisha kijiti wima, chora duara kukizunguka, weka alama pale ncha ya kivuli inapoligusa asubuhi na tena alasiri. Mstari unaogawa pembe kati ya alama hizo mbili ndio kaskazini-kusini.

Sasa mota. Mizani kwanza: legeza mhimili mkuu, sogeza jiwe hadi darubini ikae popote bila kuanguka, kisha fanya hivyo kwa mhimili wa pili. Acha upande wa mashariki uwe mzito kidogo sana, ili meno ya gia yabaki yamegusana na mota iwe inasukuma muda wote. Kisha swichi yenye herufi N na S. Anayetazama kusini huona nyota zikizunguka ncha kama mishale ya saa, anayetazama kaskazini huona kinyume chake, kwa hiyo huku swichi iwe S. Kosa la swichi hujitangaza lenyewe: katika lenzi inayoonyesha digrii 1 ya anga, nyota ya katikati hutoka kwa dakika 2 mota ikiwa imezimwa, na kwa dakika 1 mota ikiwa inakwenda kinyume.

Kinachofuata ndicho kinachochukua nafasi ya Polaris. Chagua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga inapopita juu, kwa mfano Mintaka ya mkanda wa Orioni katika miezi ya Desemba hadi Machi. Iweke katikati ya lenzi yenye nguvu na usiguse mhimili wa pili. Ili ujue upande upi ni upi ndani ya lenzi, sukuma bomba kidogo kuelekea kusini. Nyota itasogea upande wa kaskazini wa duara. Kisha tazama kwa dakika kadhaa. Ikijongea kaskazini, mhimili umeelekea mashariki mno, uusogeze magharibi. Ikijongea kusini, fanya kinyume. Mwendo wa mashariki-magharibi upuuze, huo ni wa gia. Ukiridhika, chukua nyota iliyo chini upande wa mashariki: ikijongea kusini mhimili uko juu mno, ikijongea kaskazini uko chini mno. Rudia zote mbili, kwa sababu kurekebisha moja hugusa nyingine, hasa kama kichwa kimeinamishwa kwa mguu uliorefushwa.

Usahihi kiasi gani unatosha? Hesabu ni nyepesi. Kosa la digrii 1 husogeza nyota kwa sekunde zisizozidi 16 za tao kila dakika, na digrii moja ina sekunde 3,600 za namna hiyo. Mshtarii ikiwa karibu nasi ina upana wa sekunde kati ya 40 na 50. Maana yake, hata kwa kosa hilo sayari huhama kwa upana wake mmoja tu katika dakika tatu, na mtazamaji hugeuza kitasa kidogo akaendelea kuhesabu mikanda yake. Kwa hiyo anayetazama kwa jicho aridhike na timazi na kipimo cha pembe. Usiku wake ni wa kutazama Zohali, hauna haja ya kuliwa na skrubu. Anayetaka kupiga picha ya nebula ya Orioni kwa dakika nzima ndiye anayepaswa kurudia jaribio la Mintaka hadi mjongeo utoweke, na huyo nitamwomba jambo moja zaidi: akimaliza, achore kwa rangi nafasi za miguu yote mitatu juu ya zege na urefu wa kila mguu, kisha siku nyingine aanzie hapo.