Pongezi kwa Walimu wa Patandi

Miongoni mwa taasisi zinazostahiki shukrani za taifa, ni wachache wanaokikumbuka Chuo cha Ualimu cha Patandi, mkoani Arusha, ambako mwalimu hufundwa elimu maalumu: lugha ya alama kwa wasiosikia, maandishi ya nukta nundu kwa wasioona, na subira kwa mtoto ambaye fahamu zake huchelewa kufunguka.

Serikali ya Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010, na mwaka 2016 ikaondoa ada hadi kidato cha nne; na yote hayo ni ya kheri. Walakini sheria haimfundishi mtoto asiyeona kusoma. Anayemfundisha ni yule mwalimu aketiye ubavuni pake, akamwekea vidole juu ya vitufe sita vya mashine ya nukta nundu, akabonyeza naye, kisha akampapasisha nukta zilizochomoza katika karatasi nene, mpaka herufi ikakaa moyoni.

Karatasi ile ni ghali kuliko ya daftari, na mashine ikiharibika si kila fundi awezaye kuitengeneza; kwa hiyo fungu la fedha likipunguzwa au likichelewa, darasa hili ndilo huumia kwanza, na mwalimu hubaki na mikono yake na imani yake tu.

Enyi mpangao bajeti, fungu la watoto hawa ni haki yao, wala si sadaka: litengeni kamili, na lifike kwa wakati.