Msimulizi na Msikilizaji Wake

Simulizi la mtu aliyenusurika utumwa, vita au dhuluma ni kazi ya watu wawili: yeye aliyeyapitia na yule anayemsikiliza. Wa kwanza ana yaliyompata. Wa pili huuliza ilikuwa wapi, nani alikuwepo, je, aliona kwa macho yake au aliambiwa. Kisha huandika bila kumlisha mwenziwe maneno. Ufundi huu wa kusikiliza hausifiwi inavyostahili, ilhali bila huo masimulizi mengi yangezikwa pamoja na wenyewe. Pahali pazuri pa kuutazama ni Upare, nchi ya milima kaskazini mashariki mwa Tanzania, na hasa Ugweno, kaskazini mwa safu ya milima hiyo, katika Wilaya ya Mwanga ya leo.

Ugweno ulikuwa na utawala wake tangu kale. Mwanzoni enzi ilikuwa mikononi mwa Washana, ukoo wa wahunzi ambao chuma chao kilinunuliwa hadi Uchagani. Yapata karne ya 16 ukoo wa Wasuya uliwapindua. Aliyeshuhudia tukio hilo hakuliandika; lilipokezanwa kwa midomo ya wazee, kizazi hadi kizazi. Wasuya wakilisimulia, ni habari ya ushindi na ya kupanga upya nchi. Kwa Washana, waliopokonywa enzi na kubaki na uhunzi wao, ni habari ya kunusurika. Anayemsikiliza mmoja wao tu atarudi nyumbani na nusu ya historia, na hatajua kwamba ni nusu.

Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare aliyekuja kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilijua hilo. Katika miaka ya 1960 alizunguka milimani akiwahoji wazee wa koo mbalimbali, na mwaka 1969 akatoa kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare, kuanzia yapata mwaka 1500 hadi 1900. Uzito wa kazi hiyo umo katika subira yake: neno la ukoo mmoja liliwekwa kando ya neno la ukoo mwingine, na pale yalipopishana ndipo palipochimbwa zaidi.

Miaka miwili baadaye Kimambo aliandika juu ya Mbiru, mgogoro ambao Wapare wengi wa wakati huo walikuwa bado wanaukumbuka. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi iliyopimwa kwa makadirio ya mali ya kila mtu, ikawekwa juu ya kodi ya kichwa iliyokuwepo. Watu waliona kwamba makadirio hayo yatampa mkadiriaji nafasi ya kumwonea amtakaye. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi na kukataa kuondoka. Mashamba na nyumba vikabaki kwa wanawake. Mwaka 1946, huko Usangi, jirani na Ugweno, wanawake hao nao waliinuka, wakamkabili ofisa wa Kiingereza na kumtaka amalize mgogoro waume zao warudi; la sivyo, awape mimba wao wote yeye mwenyewe. Kodi ile ilifutwa mwaka 1947.

Tukio la Usangi limeelezwa na Jean O'Barr, mtafiti Mmarekani, katika makala yake ya mwaka 1976 kuhusu wanawake wa Kipare na siasa. Ni mfano bora wa kile ambacho sikio zuri huokoa. Hasira, fedheha na ujasiri wa mke aliyeachwa na shamba na watoto vimo vyote katika dai moja, na dai lenyewe lingepotea kwa urahisi kama Mbiru ingebaki kuwa habari ya wanaume waliokuwa Same.

Nje ya Upare, Kiswahili kina mfano wake wa zamani katika kitabu cha Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934. Mbotela alikuwa mwalimu, na kitabu chake kinafuata njia aliyopitia baba yake: kutekwa, kupelekwa pwani, kuokolewa baharini na meli ya Waingereza, hadi kuishi Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875. Hapa msikilizaji ni mtoto wa mwenye habari. Safari na mateso yamesimuliwa kwa ukaribu unaogusa hadi leo, lakini shukrani kwa waokozi imezidi kipimo, na mara nyingine mtumwa mwenyewe hufifia nyuma ya sifa za Waingereza. Upendo wa mwana haukutosha kumfanya amwachie baba nafasi yote.

Evelyn Amony wa Uganda aliipata nafasi hiyo. Alitekwa akiwa mtoto, mwaka 1994, na jeshi la waasi la LRA (Lord's Resistance Army) la Joseph Kony, mtu aliyedai kuongozwa na roho. Alikaa humo miaka ipatayo 11, akafanywa mmoja wa wake wa Kony na kumzalia watoto. Kitabu chake kilitoka mwaka 2015, kikiwa kimehaririwa na Erin Baines, mtafiti wa Canada. Amony hakulazimishwa kumchora Kony kama zimwi tupu. Anamweleza mkatili na anamweleza baba wa watoto, na msomaji hupata kuelewa jinsi mtu anavyofungwa na kundi hata pale pasipo na kamba.

Ndiyo maana kumuuliza mtu aliyetoka katika kundi la namna hiyo kwa nini hakukimbia ni kumhukumu kabla hajafungua kinywa. Yafaa aulizwe ilianzaje. Huko Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023 baada ya waumini wa dhehebu moja kuhimizwa kufunga hadi kufa, wako walionusurika ambao ni wafiwa pia. Wengine waliwapeleka huko watoto wao wenyewe. Watu hao wanahitaji msikilizaji anayevumilia ukimya, na asiyechapisha kitu bila ridhaa yao.

Tukirudi Ugweno na Upare wote, aliyekuwa na miaka 10 wakati wa Mbiru sasa anakaribia au amepita miaka 90. Vijana wengi wa Ugweno wanakua na Kiswahili na Kipare, na Kigweno kinazidi kupungua vinywani. Mjukuu mwenye simu anaweza kurekodi. Na aanze mwaka huu, amwache bibi aseme kwa Kigweno chake mpaka amalize, kisha ndipo aulize.